Kilometa Mbili za Kando ya Ziwa

Siku ya kuniaga kazini walinipa uongo wangu mwenyewe, umewekwa ndani ya fremu. Fremu nzuri, ya mbao iliyopigwa vanishi, yenye kioo. Ndani yake kuna ukurasa mmoja wa ripoti: mchoro wenye mstari wa bluu, maneno ya Kifaransa yanayosema kwamba vifaa vyetu vidogo vya redio vinasikilizana kwa umbali wa kilometa mbili, na chini, upande wa kulia, sahihi yangu. Wenzangu walipiga makofi. Mkuu wetu, ambaye atelier nzima, karakana yetu ya redio, inamwita Enjenia, alinishika bega akasema ukurasa ule ndio uliofungua milango yote. Nikasema asante, nikala wali na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, nikapanda pikipiki kurudi nyumbani na fremu mapajani. Hasira niliyokuwa nayo ilinisahaulisha hata kumwambia dereva ashike njia gani.

Ninawaandikia ninyi mliobaki pale atelier ya Ndosho. Sitawasimulia vyeo. Nani alipandishwa lini na nani alilipwa nini, hayo kaulizeni ofisini. Nitawaeleza namna ya kupima kama redio mbili zinasikiana, kwa sababu ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote, na kwa sababu mara moja niliifanya vibaya, na mama mmoja nusura afe. Nikikasirika katikati ya maelezo mnisamehe. Au msinisamehe, mradi msome mpaka mwisho.

Nilianza Birere, mtaa wa biashara hapa Goma, nikiwa kijana aliyetoka Butembo na sanduku la mbao na cheti cha shule ya ufundi. Simu za mkononi zilikuwa hazijafika. Mfanyabiashara aliyetaka kujua kama maharagwe yake yamefika Kisangani alikuja kwetu, kwenye phonie: chumba kimoja chenye redio kubwa, betri za gari chini ya meza, na benchi la kusubiri. Alisema shida zake kwa sauti kuu, na benchi zima lilizijua kabla mtu wa Kisangani hajazijua. Fundi wa phonie ile alikuwa Muzee Sebagabo, mtu wa Masisi, mwana wa wafugaji, mrefu, mpole, asiyecheka ovyo. Nilidhani siku ya kwanza atanipa bisibisi. Alinipa kamba.

Ilikuwa kamba ya katani ya mita hamsini, yenye fundo kila mita kumi. Aliniambia kazi ya kupima inaanzia miguuni. Kisha akaniacha mlangoni na redio moja ya mkononi, akachukua ya pili, akaenda zake kuelekea barabara kubwa. Mimi nilitakiwa kumsikiliza akihesabu na kuandika kila namba niliyoisikia. Alihesabu kutoka moja mpaka arobaini. Redio ilikoroma sana, lakini niliziandika zote arobaini kwa mwandiko wa kupendeza, na aliporudi nikampa daftari huku nikijisifu moyoni. Akalisoma, akalifunga. Akaniambia kwamba hakutamka kumi na saba. Hakutamka ishirini na tatu, wala thelathini na moja. Alipofika kwenye namba hizo alifunga mdomo makusudi, nami nimeziandika.

“Mutoto wa Butembo,” akasema, “sikio yako iko na njaa. Ukiipatia moja, mbili, tatu, ile ine itajipikia yenyewe.”

Mpaka leo naweza kuapa kwamba nilisikia kumi na saba. Nilimsikia kabisa, kwa sauti yake. Sikuwa nimedanganya, na hilo ndilo lililonitisha, kwa maana mwongo angalau anajua alichofanya.

Tangu siku hiyo hatukupima tena kwa namba. Tulipima kwa majina ya ng’ombe wa baba yake. Alitembea akiita Gaju, Bihogo, Mayenzi, na wengine ambao sikuwahi kuwazoea, bila mpangilio wowote. Mimi ni Munande. Kwetu tunajua viazi na vitunguu. Ng’ombe wa Masisi sikumjua hata mmoja, kwa hiyo sikuweza kubahatisha. Jina lililofika liliandikwa, lisilofika liliachiwa nafasi tupu. Watu wa Birere walituona wendawazimu, mzee mzima anapita katikati ya wauza vitenge akiita ng’ombe wasiokuwepo. Mama mmoja muuza makaa alimwuliza kama wamepotea. Akamjibu kwamba ndiyo, bado anawatafuta.

Somo lake la pili nililipata kwa aibu. Tulimtengenezea mteja redio mbili za kuongea na ghala lake. Nilizipima nikiwa nimepanda juu ya ukuta, zikasikika vizuri hadi mbali. Kesho yake mteja alirudi amevimba. Ndani ya duka lake, chini ya mabati, redio haikuvuka hata mtaa. Muzee Sebagabo hakunigombeza. Aliniuliza tu kama mteja yule anauzia bidhaa zake juu ya ukuta. Kitu kipimwe pale kitakapolala, akasema, si pale kinapojisikia vizuri. Nilirudia kupima nikiwa nimechuchumaa nyuma ya magunia ya sukari.

Simu zilipoingia mjini, benchi la phonie likawa tupu. Muzee alirudi Masisi kwa ndugu zake na huko ndiko alikozikwa. Kamba aliniachia. Nilizunguka na bisibisi yangu, nikatengeneza redio hadi Rumangabo, mwishowe nikakaa Ndosho, kwenye hii atelier yenu, ambapo umeme ukikatika tuliwasha makaa na kupasha chuma cha kulehemu juu ya mbabula. Ninyi mna betri kubwa sasa. Sisemi lolote.

Kisha vikaja hivi vifaa vidogo. Mnavijua, kimoja hakizidi kiberiti. Havina sauti, kimoja kinatuma ujumbe, cha pili kinapokea. Katoni ya kwanza niliyoifungua ilikuwa imeandikwa kwamba vinasikiana kilometa kumi. Nilicheka peke yangu. Kilometa kumi wapi? Labda jangwani, ngamia wote wakiwa wamelala. Hapa kwetu kuna matuta ya mawe meusi ya volkano, mabati, na migomba iliyolowa, na jani la mgomba lililolowa linameza redio bila huruma. Mliofanya kazi nami mnakumbuka nilivyowasumbua: simama kila mita hamsini kwa kamba, si kwa macho. Tuma jumbe mia, hesabu zilizofika. Kisha geuka, uipe redio ya mwenzako mgongo, utume tena mia, maana mwili wa mtu ni maji na nusu ya ujumbe itazama humo. Andika kwa penseli, mvua haili penseli. Mlilalamika kwamba kompyuta inaweza kuhesabu yote hayo. Inaweza. Lakini kompyuta nayo ina njaa yake, na hapo ndipo nilipojikwaa.

Mtu wa Goma haelezwi mazuku, lakini karatasi husafiri, kwa hiyo nieleze. Ni hewa mbaya inayotoka ardhini, huku kwenye nchi ya volkano. Haina rangi, nasi hatuinusi. Ni nzito kuliko hewa yetu, kwa hiyo hulala kwenye mashimo, hasa alfajiri wakati hakuna upepo. Inaua mbuzi kwanza kwa kuwa ni mfupi, kisha mtoto, kisha mtu mzima aliyeinama kuwaokota. Tuliletewa mradi wa kuitegea. Kisanduku chenye pua ya kunusa hewa hiyo kingewekwa ndani ya shimo, kifaa cha redio kingetuma habari, na kwenye zahanati ya karibu kungekuwa na kioo kinachoonyesha namba ya hewa hiyo, pamoja na rangi ya kijani na neno SALAMA, au nyekundu na neno HATARI. Niliipenda kazi ile. Nilikuwa nimetengeneza redio miaka mingi ili watu waulizane habari za maharagwe. Hii ilikuwa ya kuokoa roho.

Shimo la kwanza lilikuwa kando ya njia ya Sake, chini ya shamba la mjane mmoja anayeitwa Mama Riziki. Majani ya mle ndani yalikuwa mabichi hata wakati wa kiangazi, na mbuzi wake waliyapenda. Alikuwa na desturi yake, aliyoirithi kwa mama mkwe. Kabla ya kushusha mbuzi aliwasha jani kavu la mgomba akalitupa chini. Moto ukiendelea kuwaka, wanashuka. Ukizimika kabla ya kugusa majani, wanageuka. Alitueleza hayo siku ya kwanza tu, akatuonyesha. Enjenia alitabasamu kwa upole, kama tunavyowatabasamia watoto, akamwambia kwamba mashine itamwondolea taabu hiyo.

Nilipima kama nilivyofundishwa. Kisanduku nilikiweka pale kitakapokaa, kwenye urefu wa goti, maana hewa yenyewe iko chini. Nilipima asubuhi baada ya mvua, migomba ikiwa imelowa. Kutoka shimoni mpaka zahanati kamba yangu ilihesabu mita elfu moja na mia moja. Ujumbe ulikoma kwenye mita mia tatu na arobaini. Baada ya hapo hakuna kilichofika, si kimoja kati ya mia. Niliandika kwa penseli, nikampelekea Enjenia.

Alisema tukipandishe kisanduku kwenye mti wa mita nne. Redio ingesikika, hilo ni kweli, redio inapenda kuwa juu. Lakini pua ingekuwa juu pia. Nikamwambia, “Enjenia, mazuku haipandi miti.” Akacheka, akakubali, nikadhani yameisha. Kumbe yalikuwa yanaanza.

Kesho yake alinichukua kwenye gari mpaka ziwani. Tulisimamisha kifaa kimoja kwenye gati, na cha pili nilikibeba mimi, nimenyoosha mkono juu ya kichwa, nikatembea kandokando ya maji mpaka kilometa mbili. Maji bapa, anga wazi, hakuna mgomba, hakuna jiwe. Karibu ujumbe wote ulifika. Enjenia alikuwa na furaha kama mtu aliyepata mtoto wa kiume. Siku ya Alhamisi, akasema, wageni wenye mradi wanakuja. Wakiona mita mia tatu watafunga mizigo na kuvipeleka vifaa mji mwingine, na Mama Riziki atabaki na majani yake ya mgomba. Bora mashine yenye kasoro kuliko kukosa mashine. Mchoro ulikuwa tayari umechapwa. Alinipa kalamu.

Nilisaini. Hakuna aliyenishika mkono. Nilijiambia kwamba kila namba pale ni ya kweli, na ilikuwa ya kweli kabisa. Namba sikuzidanganya. Nilidanganya mahali. Neno “ziwa” halikuandikwa popote kwenye ukurasa ule, na mimi nililiona halipo.

Jumatano tuliweka mashine. Tuliiwasha kwanza uani mwa zahanati, mbele ya muuguzi, Mama Furaha, ili tumwonyeshe inavyofanya kazi. Kioo kikawaka kijani, SALAMA. Tukaipakia kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, mimi na mwenye chukudu tukaisukuma mpaka shimoni, Enjenia akabaki zahanati kuangalia kioo. Mawingu yalikuwa yamekusanyika. Niliifunga kwenye urefu wa goti, nikakaza boliti, nikampigia simu. Nikamwuliza anaona nini. Akasema kijani. Nikamwuliza tena. Akasema kijani, Paluku, kijani kabisa, njoo tuondoke kabla ya mvua.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo ninapojichukia. Mkononi nilikuwa na daftari linalosema mita mia tatu na arobaini. Zahanati ilikuwa zaidi ya mara tatu ya hapo. Nilijua kwamba haiwezekani, na nikafurahi kwamba imewezekana. Nikajiambia labda mawe yameirudisha sauti, labda siku hii ni njema. Nilikuwa na pumzi kifuani. Ningeinama tu nikaipulizia ile pua, kwa kuwa pumzi ya mtu ina hewa ileile ya mazuku, kiasi kidogo. Namba ingepanda, na kama kule kwenye kioo isingepanda ningejua kila kitu. Hilo lingekuwa jina la ng’ombe asiyebahatishwa. Sikupulizia. Nilitaka kusikia kumi na saba, nikaisikia.

Kioo kile kilikuwa kimetengenezwa kuonyesha habari ya mwisho iliyofika, na kuishikilia mpaka ije nyingine. Habari ya mwisho iliyofika ilikuwa ya uani mwa zahanati, kabla hatujapakia chukudu. Wageni walikuja Alhamisi wakapiga picha na ile rangi ya kijani. Wiki tatu nzima muuguzi alisoma hewa ya ua wake mwenyewe na kuwaambia watu kwamba shimo ni salama.

Mama Riziki aliacha kuwasha majani. Kwa nini aendelee? Kila asubuhi akienda kuteka maji alipita dirishani kwa Mama Furaha akauliza mashine inasemaje, akajibiwa kijani. Asubuhi moja, mvua imenyesha usiku na hakuna upepo hata wa kutikisa uzi, akajibiwa vivyo hivyo. Alishusha mbuzi watatu. Watatu walilala chini kama waliochoka. Alidhani wamekula mmea mbaya, akainama kumnyanyua wa kwanza, na yeye akaenda chini. Jirani aliyekuwa akikata majani ukingoni alimwona. Alibana pumzi, akateremka mara mbili, akamtoa kwa kumvuta na kitenge chake. Mbuzi hawakuamka.

Siku tano baadaye alikuja Ndosho. Alikuwa bado anatembea kwa kushika kuta, na mkononi alikuwa na kamba ya mbuzi, tupu. Enjenia alimkaribisha kiti, akampa soda, akaanza kumweleza kwa Kiswahili kilichojaa Kifaransa kwamba mashine ni nzima, na kwamba mara nyingi tatizo liko kwa mtumiaji. Akasema labda mama alishuka haraka mno. Nilikuwa mezani kwangu, mita nne kutoka pale. Nimewahi kusikia uongo mwingi kwenye phonie, wa wachumba na wa wafanyabiashara, lakini ule ulinichoma kwa sababu ulikuwa umejengwa juu ya jina langu. Mama Riziki hakugusa soda.

“Ile machine ilisema hakuna mazuku,” akasema. “Niliacha kutupa moto sababu yake. Nani njo alikuwa anaisemesha?”

Enjenia alinitazama, na macho yake yaliniomba nikae kimya. Nikasimama.

“Ni mimi, mama,” nikamwambia. “Mi njo nilipima, na nilijua haifike.”

Hakunitukana. Heri angenitukana. Aliniuliza kesho ninakuja saa ngapi.

Nilienda kulipopambazuka, na kamba ya Sebagabo. Tuliwasha jani la mgomba, likawaka mpaka chini, tukashuka. Nilipulizia pua ya kisanduku. Kwa simu nikamwuliza Mama Furaha anaona nini, akasema kijani, namba haijasogea. Nikapulizia tena mpaka kizunguzungu kikanishika. Kijani. Mama Riziki alinitazama nikipuliza, akaelewa bila kuelezwa. Tulitembea na kifaa cha kupokea, mimi nikihesabu mafundo, yeye akishika ncha ya kamba, na kwenye mita mia tatu na arobaini ujumbe ukakoma palepale ulipokoma mara ya kwanza. Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga. Yangu niliipima kwa kamba.

Kurekebisha hakukuwa kazi ngumu, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka sasa. Siku mbili tu. Tuliweka kifaa cha katikati juu ya tuta, kwenye paa la kanisa dogo, kipokee ujumbe wa shimoni na kuusukuma mbele hadi zahanati. Nilibadilisha kioo, dakika kumi zikipita bila ujumbe, kijani kinazimika na kioo kinakuwa cheusi. Kimya si salama. Kimya ni kimya. Na kwa kuwa sikuiamini tena mashine yoyote niliyoiweka mimi, nikamwomba Mama Furaha mpira mmoja wa serum, ule mwembamba wa kutilia wagonjwa maji. Ncha moja niliifunga kwenye pua ya kisanduku kule chini, ya pili nikaileta juu ukingoni na kuifungia kwenye kijiti. Kila asubuhi Mama Riziki anasimama pale juu, anapuliza kwenye mpira. Zahanati namba inapanda kidogo, kisha inashuka. Mama Furaha anampigia simu. Asipopigiwa, hakuna anayeshuka, hata rangi iwe gani. Na jani la mgomba nilimwomba asiliache kamwe. Aliniambia hakuwa na nia hiyo.

Enjenia aliyaita hayo matengenezo ya kawaida. Ripoti haikubadilishwa. Nilimwendea mara tatu nikiwa na daftari la penseli. Mara ya kwanza alikuwa na mkutano, mara ya pili akasema ripoti ikishapokelewa haiguswi, mara ya tatu akanikumbusha kwa upole kwamba sahihi ni yangu. Nikanyamaza. Miaka ikapita, nikapima vitu vingine, nikawafundisha ninyi kuita majina ya mitaa badala ya namba, mkanicheka, mkajifunza. Nilijisamehe kidogokidogo kwa kuwa shimo moja lilikuwa limerekebishwa. Kisha wakanipa ile fremu.

Wiki moja baada ya kuniaga, Espérance, aliyerithi meza yangu, alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya chini. Akaniambia kwamba mradi umekubaliwa kwa mashimo mengine kumi na mawili, kwamba hakuna kifaa cha katikati hata kimoja kwenye orodha, kwa sababu ukurasa unasema kilometa mbili na zahanati zote ziko karibu zaidi ya hapo. Vioo ni vile vya zamani, vya kushikilia rangi. Naye ameletewa karatasi ya kusaini.

“Papa Paluku,” akasema, “njo ile karatasi yako batatumia. Nisaini?”

Nikamwambia asisaini, na nikamwambia nitampelekea kitu cha kuwaonyesha. Mashimo kumi na mawili. Kwenye kila ukingo kuna mtu mwenye moto wake wa mgomba, na tunakwenda kumwambia auzime. Wamelitumia jina langu kuwanyang’anya watu macho yao, na mimi nimekula wali na sambaza nikasema asante. Hapana, hiyo siikubali.

Nikachukua fremu nikaenda njia ya Sake. Nilimkuta Mama Riziki ukingoni, ameshika mpira wa serum. Alinipa ishara nisubiri, akapuliza. Simu yake ikalia, Mama Furaha akasema imepanda na kushuka, rangi ni kijani; akatupa jani lake la moto, likawaka mpaka chini, mbuzi wakaanza kuteremka. Ndipo akaitazama fremu, akauliza ni picha ya nani. Nikamweleza kwamba si picha, ni karatasi inayosema mashine inasikika kilometa mbili. Akauliza walipimia wapi. Nikasema ziwani.

“Mazuku iko ku lac?”

“Haiko.”

Alipitisha kidole juu ya kioo mpaka chini, upande wa kulia. “Na hii ni jina ya nani?”

“Yangu, mama.”

Aliwahesabu mbuzi wake kwa macho, mmoja mmoja, kisha akanirudishia fremu.

“Basi,” akasema, “andika tena.”

Nimeandika tena, kurasa zote hizi, na Espérance ndiye atakayewasomea. Ukurasa wa mstari wa bluu nimeutoa kwenye fremu na kukata sahihi yangu kwa mistari miwili. Nimeweka mwingine badala yake, kwa penseli, na ninaomba utundikwe palepale juu ya meza yangu, mahali ambapo kila atakayepewa kalamu atauona. Una maneno machache. Shimo la Mama Riziki. Urefu wa goti. Asubuhi, baada ya mvua. Mita mia tatu na arobaini. Zaidi ya hapo hakuna aliyesikia. Paluku.